Waini ya 6,500 na minazi tisa ya Babu

Sikilizeni, naanza na pesa tusije tukapotezeana wakati. Mwezi uliopita nililipwa shilingi 40,000 kusifu waini. Video moja, sekunde tisini, mimi na glasi, nyuma yangu bahari ya Nyali. Waini yenyewe ni nyekundu, ya kuchanganya, inatoka shamba la familia moja huko Afrika Kusini, na chupa yake ni 6,500. Sijakosea sifuri. Chupa moja hiyo, watu wanne wanaimaliza kabla chakula hakijafika mezani.

Kama hujafika 18, soma tu. Usitoke hapa ukaenda kununua kitu halafu mamako akaanza kunitafuta.

Jina la waini silitaji, kazi yao nilishaifanya na ikaisha. Na sina ugomvi nao. Walinilipa siku waliyosema watanilipa, jambo ambalo kwa sisi tunaotengeneza kontenti ni muujiza mdogo. Shida ilianza pale waliponipa karatasi ya mambo ya kusema. Ati niseme nasikia ladha ya blakiberi, mti wa seda, tumbaku, na ngozi kwa mbali. Nikamuuliza mwelekezaji, blakiberi ina ladha gani? Akamwangalia mpiga picha. Mpiga picha akamwangalia yule dada wa vipodozi. Tulikuwa watu wanne pale na hakuna hata mmoja aliyewahi kula blakiberi.

Nikaonja. Wallahi, nilisikia zambarau. Zile zambarau nyeusi za msimu, zinazoacha ulimi kama umelamba wino, halafu mdomo unakauka mpaka meno yanakwaruzana. Huo ukavu una jina lake, unaitwa tanini, na unatokana na maganda na mbegu za zabibu na mbao za pipa. Hilo nilikuja kusoma baadaye. Siku ile nilisema tu mbele ya kamera, "Hii ni zambarau iliyoenda shule." Kila mtu akacheka. Walipokata video, hicho kipande kikatolewa. Kikabaki cha blakiberi.

Lakini kilichonimaliza si hicho, ni stori yao. Kabla ya kurekodi walituonyesha filamu fupi ya hilo shamba: mlima, safu za mizabibu, nyumba nyeupe ya zamani, na dada mmoja wa ile familia anatembea katikati akigusa majani kama anawasalimia watoto. Akasema babu yake ndiye aliyepanda, baba yake akapanua, sasa ni zamu yake. Halafu akaeleza kuchanganya, na hapo ndipo niliposikiliza kweli. Cabernet Sauvignon ndiyo mifupa, ndiyo inayoleta ule ukavu. Merlot ni nyama, inalainisha. Petit Verdot inaingia kidogo tu, kama pilipili kwenye mchuzi, ya rangi na nguvu. Kila moja inakaa kwenye mapipa yake ya mwaloni mwaka na nusu hivi, halafu yeye anaonja moja moja, anapima, anachanganya, anaonja tena. Pipa moja la kawaida ni lita 225. Hizo ni chupa 300. Zidisha mara 6,500 uone, karibu milioni mbili kwa pipa moja. Najua hapo ndani kuna meli, ushuru na faida za watu wa njiani, lakini bado.

Nikajikuta nimekaa na glasi yangu mkononi, nawaza Mwakirunge.

Ukiijua Mwakirunge, pengine unaijua kwa jaa. Jaa la Kibarani kule Changamwe lilipofungwa, taka za Mombasa zikaletwa kwetu Kisauni ya ndani, upepo ukigeuka mnajua wenyewe. Lakini ukipita jaa ukaendelea mbele, kuna mihogo, mikanju, na minazi. Babu ana minazi hamsini na kitu hapo. Mingine aliipanda yeye, mingine aliikuta, ilipandwa na babake. Mnazi wetu huu mrefu unachukua miaka sita, hata zaidi, kabla ya kutoa chochote, na unaweza kuishi zaidi ya miaka sitini. Kwa hivyo mtu mzima akipanda mnazi, anampandia mjukuu. Mzabibu, nimesoma, miaka mitatu hivi unaanza kuzaa. Hapo kwa subira, sisi ndio mabingwa.

Sasa, kwetu mti unaitwa mnazi na pombe yake inaitwa mnazi. Kiswahili cha zamani kinasema tembo. Kwa Kigiriama ni uchi, na mgeni wa bara akisikia "twende tukanywe uchi" anashika mshipi wake. Anayegema ni mgema, na mgema kwetu ni Baba Mdogo, kwa sababu Babu magoti yamekataa. Hatumii ngazi. Kwenye shina kumekatwa hatua za kukanyagia, moja juu ya nyingine mpaka kichwani, na hizo hatua zinaitwa vidato. Ndiyo, vidato. Lile neno la kidato cha kwanza, cha pili. Watu wa kale waliangalia mtoto anavyopanda shule wakaona mgema anavyopanda mnazi.

Juu kule anatafuta karara ambalo halijafunguka. Analifunga, analikata ncha kwa kotama, kile kisu chake cha kupinda, anaweka kibuyu. Linatona. Asubuhi anapanda kukinga na kukata tena kipande chembamba kama karatasi, jioni vilevile, kila siku, mvua iwe jua liwe. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hivyo mwenye mti lazima achague: nazi au pombe. Na ule utomvu unaanza kuchacha ukiwa bado juu ya mti, kwa hamira iliyomo hewani, hakuna mtu anayeongeza kitu. Asubuhi ni tembo tamu. Mchana una nguvu zake, asilimia 4 au 5, karibu na bia. Kesho yake unaelekea kuwa siki. Ile waini ya 6,500 inangoja miaka. Mnazi haungoji hata tuktuk.

Na ni wa kuchanganya! Hili ndilo lililokuwa likinigonga kichwani pale Nyali. Hakuna anayeuziwa mnazi wa mti mmoja. Baba Mdogo akishuka anajua mti upi leo umetoa mtamu, upi umekuwa mwepesi kama maji, upi unawahi kuchacha. Anaonja kwa kidole, anachanganya, anaonja tena. Ule mti wa karibu na choo ndio mtamu kuliko yote, na haruhusu mtu amuulize kwa nini. Vizazi vitatu, shamba moja, mchanganyiko wa mkono wa familia. Tofauti ni kwamba hakuna aliyetutengenezea filamu, na chupa yetu, iliyowahi kuwa ya soda, inauzwa 60.

Sitaki kuwapamba. Mnazi si maziwa. Mangwe za Mwakirunge nazijua, najua nani anaingia saa tatu asubuhi na nani anamngoja nyumbani. Mama yangu ameokoka, hataki kuona kibuyu mlangoni, na bado karo yangu ya shule yote ya upili ilitoka kwenye hivyo vibuyu; hapo huwa anasema Mungu ana njia zake. Kaka yake Baba Mdogo alianguka kutoka juu mwaka 2011 akavunjika nyonga, mpaka leo anatembea kama anakwepa kitu. Bima ya mgema ni mikono yake. Shuleni sikumwambia mtu kazi ya kwetu. Sare yangu ilikuwa na harufu, nikawa nasema ni mafuta ya nazi.

Na sheria nayo inatuona vipi? Ile sheria ya vileo ya 2010, watu waliyoiita ya Mututho, iliweka leseni na saa: siku za kazi baa ni jioni, kuanzia saa kumi na moja. Kwa waini sawa, inalala kwenye chupa inangoja. Mwambie mnazi ungoje saa kumi na moja. Msako wa 2015 ulipokuja, wagema wa Pwani walilalamika kwamba wanawekwa kapu moja na wanaopika sumu za kemikali. Na Julai 2025 serikali imezindua sera inayopendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21, na watu maarufu wasitangaze pombe. Ikipita, kazi kama ile ya Nyali imekwisha. Kusema kweli siwezi kulia sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi ndiye msifiaji wa kulipwa.

Usiku ule nilirudi nyumbani Mishomoroni nikaanza kusoma kuhusu waini za huko. Zabibu za kwanza kukamuliwa Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa Februari 1659, wakati wa Waholanzi. Mashamba yalijengwa kwa mikono ya watumwa, wengine walitoka pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Baadaye wafanyakazi wakawa wanalipwa sehemu ya mshahara kwa waini, mtindo ulioitwa "dop", uliopigwa marufuku lakini ukaendelea miaka mingi, na madhara yake kwa watoto waliozaliwa na mama wanaokunywa yanaonekana mpaka leo. Ile filamu haikutaja hata moja ya hayo kwa ujumla wake. Ilikuwa na mlima na nyumba nyeupe. Nikawaza, na mimi ningetengeneza ya Babu, ningeweka Mama akifunika pua mlangoni? Ningeweka nyonga ya Baba Mkubwa? Ningeweka minazi na machweo ya jua, mnanijua.

Na kuna jambo jingine ambalo nisingeliweka. Hili sijawahi kuliandika.

Mnajua niliacha chuo. Nimefanya utani mwingi hapa kuhusu hilo. Nisichowaambia ni pesa zilitoka wapi. Agosti 2022, nikiingia mwaka wa pili, mkopo ulichelewa na zilihitajika 45,000. Babu hakuwa nazo. Akaweka rehani minazi tisa kwa mzee jirani. Rehani yetu iko hivi: unachukua pesa, mwenye pesa anachukua miti. Anagema, anauza, faida yake. Siku ukirudisha zile pesa, zile zile bila riba, miti yako inarudi. Ardhi haihusiki. Kwanza ardhi yenyewe hati si yetu, hiyo ni kesi nyingine ya Pwani nzima. Mtu anamiliki mti na hamiliki udongo ulioshika mizizi. Wenye waini wana neno la Kifaransa la kusema ladha inatoka kwenye udongo wao. Sisi wetu hatujui ni wa nani.

Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kuna mashahidi. Wanaitwa wazee wawili, mnazi unaletwa, wote wanakunywa kibuyu kimoja, na kule kunywa ndiko kutia sahihi. Muingereza mmoja, David Parkin, aliandika kitabu kizima kuhusu mambo haya ya Wagiriama mwaka 1972, kinaitwa Palms, Wine, and Witnesses. Ona, alipotafuta neno la mnazi aliandika wine. Mimi nilihitaji miaka ishirini na kitu na karatasi ya blakiberi.

Babu aliweka minazi tisa. Mimi 2023 nikaacha. Sikufukuzwa, sikuugua. Nilikuwa na video moja iliyotembea nikaona nimefika. Babu sikumwambia. Kila nikienda Mwakirunge ananiuliza, "Masomo?" Namwambia, "Yanaenda." Na yalikuwa yanaenda kweli, ila bila mimi.

Zile 40,000 zilipoingia kwenye simu, nilikaa nazo siku mbili nikiziangalia. Nilikuwa na 5,000 zangu. Hesabu haikuhitaji chuo.

Nikapiga simu kwa Baba Mdogo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yule mzee alifariki mwaka jana. Mwanawe anasema minazi babake alinunua. Si rehani." Mashahidi je? Mmoja alikufa kabla ya mwenye pesa. Wa pili mzee sana, alichukuliwa na bintiye, yuko Changamwe, Migadini.

Basi nikaenda. Matatu mpaka Buxton, nyingine mpaka Changamwe, malori ya bandarini yamefunga barabara, jua limekaa kichwani. Nilimkuta mzee amekaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, macho yamefunga ukungu. Nikampa shikamoo, nikamweleza mimi ni mjukuu wa nani. Nilijiandaa aniambie hakumbuki. Ni miaka mitatu, na mzee ana zaidi ya themanini.

Akauliza, "Unataka nikumbuke pesa au mnazi?"

Nikamwambia vyovyote.

"Mnazi wa siku ile ulikuwa umeelekea siki," akasema. "Babako mdogo alichelewa kushuka. Nilimwambia babu yako, unatuitia ushahidi na mnazi wa jana? Akacheka. Ulikuwa mwepesi, wa miti ya bondeni, ile tisa ya upande wa kisima. Ule mti wenu mtamu hakuchanganya, kwa sababu haukuwamo kwenye rehani. Mtu akinunua miti hapewi mnazi wa namna ile. Akinunua, anachinjiwa. Ile ilikuwa rehani. Arobaini na tano."

Jamani. Mwelekezaji wangu wa Nyali angemlipa mzee huyu shilingi ngapi? Ameonja kitu mara moja, miaka mitatu iliyopita, na anajua kimetoka bonde gani na kimechelewa saa ngapi. Bintiye alinisindikiza mpaka stendi akaniambia siku hizi mzee husahau hata majina ya wajukuu zake.

Jumapili iliyofuata tulimleta Mwakirunge kwa tuktuk, polepole kwa sababu ya mgongo wake. Mwana wa marehemu alikuja na ndugu zake wawili, uso umekunjwa. Mzee alisema yale yale aliyoniambia, neno kwa neno, mpaka ile ya siki. Yule kijana akaangalia chini. Naye simlaumu sana. Babake hakumwambia vizuri, na amekuwa akisomesha watoto wake kwa miti hiyo. Kisha akasema kuna jambo: mmoja ameshaukata. Aliuza mbao. Tukaenda kuuona. Kisiki kiko pale pembeni ya kisima, kimeanza kuota uyoga. Kwa hiyo ni minane. Wakavutana, Babu hakusema kitu kwa muda mrefu, mwishowe akasema atoe 3,000 ya ule mmoja, na yaishe. Nikahesabu 42,000 mbele ya watu.

Hapo nikatoa simu. Mazoea tu, mkono ulienda wenyewe. Nilitaka ule ukindu, vile vibuyu, mikono ya wazee, mwanga ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mzee wa Migadini akasikia kile kimlio cha kamera.

"Weka hiyo," akasema. "Hiyo wataipora Buxton. Wewe njoo ukae hapa."

Kumbe shahidi mwenzake amekufa na nafasi iko wazi. Nikakaa mkekani katikati ya wazee, nikapewa kibuyu baada yake. Wa siku hiyo ulikuwa wa asubuhi, Baba Mdogo hakuchelewa, na ule mti wa karibu na choo ulikuwa umo, nimeusikia. Mtamu mwanzoni, halafu una kitu kama maji ya dafu lililokomaa, halafu moshi kidogo wa kibuyu. Nimeukariri. Ni lazima, kwa sababu mzee akiondoka, mimi ndiye karatasi.

Watu walipotawanyika nilimwambia Babu habari ya chuo. Nilisema haraka, nikiangalia kisiki. Alikuwa anafunga fundo la shuka lake, akaendelea kulifunga.

"Tangu lini?"

"Mwaka 2023."

Akafikiri. "Na zile pesa za karo, mtu akiacha, hurudi?"

Nikamwambia hazirudi.

"Hata nusu?"

"Hata nusu, Babu."

Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyesikia rehani mbaya kuliko zote. Halafu akamwita Baba Mdogo, akamwambia amletee huyu kotama, minane imeongezeka na mgema ni mmoja.

Nikavua viatu. Ule mti wa kwanza upande wa kisima, hatua ya chini kabisa iko usawa wa goti, imekatwa na mtu mrefu kuliko mimi. Baba Mdogo amesimama chini ananielekeza nisikumbatie mti, niuegemee. Nimepanda mpaka kidato cha nne, nikaangalia chini, nikashuka.